Hatua Sitini za Uwanja wa Vita

Wajukuu zangu, na nyinyi wenzao mnaopenda kubeba mahema na kuingia mchangani kila mwisho wa wiki: juzi mmoja wenu alinionyesha picha katika simu yake akaniuliza, "Babu, hii n'nini?" Niliisogeza simu mbali na macho kama tufanyavyo watu wa umri wangu. Nikaona mchanga, na katikati ya mchanga kitu cheusi kimenyooka, kimepasukapasuka. Nyuma yake vibanda viwili vya mawe visivyo na mapaa, na pipa lililoliwa na kutu. Kabla sijajibu, mwengine akadakia, "Ah, barabara tu ya zamani. Imekufa hiyo."

Nilichukua kahawa iliyokuwa imeshamiminwa, kwa sababu sikutaka kugombana na mtu aliyeniletea halwa. Lakini tangu siku ile sijatulia. Ile si barabara, na haikufa. Ule ni uwanja wa ndege wa wakati wa vita, na mwisho wake wa mashariki kuna hatua sitini nilizozitengeneza mimi. Kabla ya kuzitengeneza nilikuwa nimeziharibu mimi huyo huyo. Nitakusimulieni yote mawili. La kutengeneza naona fahari nalo mpaka leo, na hilo jingine nimeshakubali kuchekwa.

Nilikuwa dereva wa greda. Greda ni lile gari refu lenye kisu kikubwa cha chuma chini ya tumbo, linalokwangua na kusawazisha njia. Siku hizi mnaliona kila mahali, na dereva wake amekaa ndani ya kioo na hewa ya baridi. La kwetu halikuwa hata na mlango. Kazi nilijifunza Tabora, nilikozaliwa, kwa fundi mmoja mkali tuliyemwita Mzee Kapela. Alikuwa akiweka bilauri ya chai kwenye sakafu ya greda, karibu na miguu yako, halafu anakwambia nenda. Chai ikimwagika unashuka, unarudi kwa miguu mpaka ulikoanzia, unakunywa iliyobaki ikiwa imepoa, unaanza upya. Nilikunywa chai nyingi ya baridi mwaka ule.

Mzee Kapela alinivua viatu pia. Alisema kisu kinazungumza kupitia sakafu, na mwenye viatu hasikii. Kikigusa jiwe unalisikia kisiginoni, kikiingia udongo laini unausikia kwenye nyayo, kabla jicho halijaona lolote. Ilikuwa kweli. Mpaka nilipostaafu sikuendesha greda na viatu, na wahandisi waliokuwa wakiniletea buti za kazi niliwashukuru kwa adabu nikazitundika kwenye msumari.

Kitu kimoja tu alichonifundisha ndicho kilichoniponza huku Oman, na kosa halikuwa lake. Barabara za Tabora ni za udongo mwekundu, moramu. Jua likishapiga na magari yakishapita, juu hufanya ngozi ngumu yenye makunyanzi. Dawa yake ni moja: unaikwangua ngozi ile yote, bila huruma, kwa sababu chini yake upo udongo mzuri, mbichi, unautandaza na kuushindilia. Nilifanya hivyo miaka saba. Ngozi mbaya juu, udongo mzuri chini, ndiyo elimu yangu yote.

Tukaja Oman mwanzoni mwa miaka ya sabini, mimi na bibi yenu na masanduku mawili. Katika kiwanja cha idara ya kazi mjini Sur palikuwa na greda jipya limesimama, hata karatasi za kiwandani halijabanduliwa, na hakuna wa kuliendesha. Msimamizi alikuwa Bwana Nassor, aliyekulia Unguja, mtu mpole mwenye kofia ya viua isiyopata vumbi hata siku moja. Akauliza nani analiweza. Nikanyanyua mkono. Siku ile ile nikavimba kichwa, na hakikupungua mpaka niliposhushwa na mchanga.

Sasa nikwambieni habari ya ule uwanja. Wakati wa vita vya pili vya dunia Waingereza walitaka mahali pa kuteremshia ndege zao katika pwani yetu, zinywe mafuta na kwenda kuzisaka nyambizi zilizokuwa zikizamisha meli. Wakachagua uwanda ule wa jangwa baina ya mji wa Jalan na bahari. Pakawa na kituo kizima: njia ya kurukia, ghala la mapipa ya mafuta, jiko la mikate, vibanda vya mawe, kisima cha maji ya chumvichumvi, na duara kubwa la mawe yaliyopakwa chokaa ili rubani aone kutoka juu. Vita vikaisha, wakaondoka. Mapipa yakabakia, na kwa miaka mingi nusu ya milango ya vitongoji vya kule ilikuwa ya mabati ya mapipa yale.

Nilipofika mimi, uwanja ulikuwa umeamka tena kwa kazi nyingine. Barabara ya lami haikuwapo. Kutoka Jalan kwenda Sur gari lilikutikisa kutwa nzima katika mawe na mabonde, na wadi, lile bonde kavu la mto, likishuka maji ulisubiri siku mbili tatu upande huu au ule. Kwa hivyo daktari alikuwa akija kwa ndege ndogo, akitua katika uwanja wa vita, akitibu watu chini ya turubali, na aliyezidiwa akiondoka naye. Njia yote ya zamani haikubaki. Upande wa magharibi uliliwa na wadi, na kilichobakia kilitosha ndege ile kwa kubana, hakukuwa na hatua za kutupa.

Mlinzi wa uwanja alikuwa Mzee Mbarak, mtu wa Aija, ng'ambo ya khori la Sur, ule mkono wa bahari unaoingia mjini. Ujana wake alikwenda Unguja akakaa miaka kadhaa, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha mjini, cha kizamani, kitamu, kimechanganyika na Kiarabu chake cha Sur. Aliporudi ndipo vita vilipoanza, akachukuliwa kazi ya kujenga uwanja ule yeye na ndugu yake Khamis. Waingereza walipoondoka, yeye aliendelea kuutazama bila kuulizwa na mtu. Ofisi yake ilikuwa kibanda cha mabati ya mapipa, na ndani kila kitu kimepangwa: ndoo ya chokaa, mafagio ya makuti ya mtende, bendera ya upepo imekunjwa, birika la kahawa.

Siku ya kwanza tulipojuana nilimwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nawe watoka wapi na Kiswahili hichi?"

"Tabora."

"Ah, bara," akasema, akanimiminia kahawa kwa huruma, kana kwamba nimemwambia naumwa.

Tangu hapo akaniita Bwana wa Bara, na mimi nikimwita Mzee wa Mjini. Tulipendana, lakini utani ule ulikuwa na ncha yake. Yeye aliona mimi ni mtu wa mashine tu, na mimi nilimwona ni mzee wa mafagio.

Kosa langu lilitokea hivi. Bwana Nassor alinituma kwenda kuondoa mchanga uliopeperushwa na kurundikana mwisho wa mashariki wa njia. Maneno yake nayakumbuka yote: "Ondoa mchanga wa juu tu, Seif. Halafu msubiri Mzee Mbarak, yeye atakwambia wapi uishie." Mzee hakuwapo. Alikwenda Aija kwenye hitma ya jirani yake, na alitarajiwa alasiri. Mimi nikafika asubuhi, nikauondoa mchanga ule kwa saa moja, kazi safi. Kisha nikakaa. Nikanywa maji. Nikatazama njia. Na chini ya mchanga nilioutoa nikaona ngozi nyeusi, kavu, yenye mipasuko, imechakaa kama kisigino cha mkulima.

Mnajua nilichofanya. Nikasema moyoni, mzee wa watu amefagia juu ya uchafu huu miaka thelathini, leo mtu wa bara atamwonyesha kazi. Nikateremsha kisu.

Ilikwanguka vizuri sana, na hilo ndilo lililonipoteza. Mabamba meusi yakanyanyuka mbele ya kisu na kupinduka pembeni. Nikaenda hatua sitini, nikarudi, nikaenda tena, upana wa visu vitatu, katikati kabisa pale magurudumu ya ndege yanapopita. Nikawa nangoja kuuona udongo mzuri wa chini. Nyayo zangu ndizo zilizojua kwanza. Sakafu ikanyamaza. Greda likawa halizungumzi tena, likaanza kukaa chini kwa nyuma, taratibu, mpaka magurudumu yakaingia nusu. Nikashuka, na mguu wangu ukazama mpaka juu ya kifundo. Chini ya ile ngozi hakukuwa na udongo wowote. Ulikuwa mchanga mwororo kama unga wa mkate, kwenda chini mpaka Mungu anakojua.

Mzee Mbarak alirudi alasiri kwa gari la mtu, amevaa kanzu yake ya hitma. Akaliona greda limekaa mchangani. Alikwenda taratibu mpaka kwenye mabamba yale, akachutama, akaokota moja, akaligeuza. Upande wa chini palikuwa na alama ya gunia, nyuzi zake zote zimejichora.

"Tulitandika magunia mwanzo," akasema, "halafu mchanga uliochanganywa na mafuta mazito, halafu tukakanyaga kwa miguu. Kila kundi na kipande chake. Hichi kilikuwa cha Khamis, ndugu yangu, Allah yarhamu."

Nikasema, "Mzee, nisamehe. Kule kwetu ngozi ya juu ndiyo mbaya."

"Huku ngozi ndiyo uwanja wenyewe, mwanangu. Hakuna kingine."

Akaliweka bamba chini kwa uangalifu, kama lingeweza kuvunjika zaidi. Kisha akaniambia neno ambalo nalisikia mpaka leo. Binti yake Salma, aliyeolewa Jalan, alikuwa na mimba ya pacha. Uzazi wa kwanza ulitaka kumuua. Daktari alimpima safari iliyopita akamkataza kupanda gari katika njia ile ya mawe, akasema atakuja kumchukua kwa ndege. Ndege ilikuwa imepangwa kuja siku ya kumi kuanzia siku ile. Rubani akipita juu na kuona njia imekatika, atageuza, na ofisi itaufuta uwanja.

"Siku kumi," akasema Mzee Mbarak. "Hayya. Toa mashine yako."

Naona aibu hata sasa kuandika, lakini jibu langu la kwanza lilikuwa kwamba nitaleta kokoto kutoka bondeni nizitandaze. Akauliza, "Na kokoto zikiruka zikapiga lile panga la ndege linalozunguka?" Nikauliza wao walifanyaje. Hapo ndipo masomo yangu ya pili yalipoanza, na mwalimu alikuwa mzee wa mafagio.

Greda tulilichimbua kwa majembe, kisha siku mbili nilizunguka Sur kwa lori nikiomba oili chafu. Kila gereji, kila penye mtambo wa umeme, kila mwenye injini ya maji shambani. Watu walicheka. Bwana Nassor nilimweleza ukweli wote, akavua kofia yake, akaitazama, akaivaa tena. "Ulivyoharibu ndivyo utakavyotengeneza," akasema, "lakini lori chukua, na mimi nitasaini." Nikapata mapipa kumi na nne.

Kuchanganya ndiko kulikokuwa elimu. Nyinyi mnapima kwa mitambo, na ni vizuri. Mzee Mbarak alipima kwa ngumi. Unachukua mchanga uliochanganyika, unaufinya, unafungua kiganja. Ukimwagika, mafuta hayatoshi. Ukikuacha na kiganja kinachong'aa mafuta, yamezidi, na jua likipiga patakuwa uji. Ukibaki donge lenye alama za vidole vyako vyote na kiganja hakijachafuka sana, ndiyo wenyewe. Nilifinya mchanga mpaka usiku nikila wali bibi yenu ananicheka, navyofinya kila tonge kabla ya kulitia mdomoni.

Na hapo greda langu likapata heshima yake. Wakati wa vita walichanganya kwa majembe, watu mia wakikorogana na mafuta kutwa. Mimi niliulaza mchanga katika tuta refu, nikaumiminia oili, kisha nikaupindua kwa kisu kutoka upande huu kwenda upande ule, na kurudi, na kurudi, mpaka rangi ikawa moja kutoka mwanzo wa tuta hadi mwisho. Mzee alisimama akitazama, mikono nyuma. Baada ya mara ya kumi na mbili akachota, akafinya, akafungua. Kisha akanipikia kahawa kwa mkono wake, akaniletea mpaka kwenye greda.

Ningependa kukwambieni hapo mambo yakanyooka. Hayakunyooka. Siku ya nne nilikuwa na haraka, nikaanza kutandaza alfajiri ilipotoka tu, nimalize kabla ya joto. Mzee alikuwa amelala kwa binti yake. Nikatandaza, nikashindilia kwa magurudumu, ikapendeza. Kesho yake alasiri nikasikia sauti kama ya mtu anayekunja karatasi. Ngozi yangu mpya ilikuwa inajibandua yenyewe na kujikunja pembezoni.

Mzee Mbarak akaingiza kidole chini yake. "Umetandaza saa ngapi?"

"Alfajiri."

"Na umande je? Pwani hii mchanga hulala majini kila usiku, yaa Seif. Mchanga ulokwisha kunywa maji utakunywa mafuta kwa nafasi gani?"

Nililia siku ile. Sioni haya kusema. Nilikaa nyuma ya gurudumu la greda nikalia, kwa sababu siku tano zilikuwa zimebaki na nilikuwa nimemwona Salma asubuhi yake. Alikuja na mumewe polepole kwa punda kumletea baba yake chakula, tumbo limemtangulia, akaniuliza, "Eti, mjomba, itakuwa tayari?" Nikamjibu itakuwa tayari. Nilimjibu kwa sauti ya dereva wa greda asiyekosea.

Mzee alinikuta hapo nyuma ya gurudumu. Akakaa kando yangu. "Sisi tulibandua mara nne," akasema. "Nne. Yule Mngereza mkubwa alivunja fimbo yake kwa hasira. Nyanyuka, tuuvunje tuuanike."

Tukauvunja, tukauanika jua la kutwa. Siku ya saba tukangoja mpaka mchanga wa chini ukawa wa moto kuugusa, saa nne za asubuhi, ndipo tukaanza. Mara hii mzee alikuwa mbele yangu hatua kwa hatua, pekupeku kama mimi, akinionyesha kwa kidole: hapa zidisha, hapa punguza. Chini tukatandika magunia ya mchele tuliyopewa na wenye maduka wa Jalan. Watu wakaja kutusaidia kushindilia. Tulijaza mapipa mchanga mbichi, tukayasukuma kwenda na kurudi, wanaume wa Jalan, Mabedui, Mbaluchi mmoja mwenye duka, na Bwana Nassor mwenyewe alikuja kutoka Sur akasukuma pipa, kofia kichwani. Tukaiacha ngozi mpya iive. Kila alasiri mzee alikwenda kusimama juu yake, akainua vidole vya mguu, akazunguka mara tatu juu ya kisigino. Siku ya nane kisigino kiliacha shimo dogo. Siku ya tisa kiliacha alama. Siku ya kumi asubuhi hakikuacha kitu.

Nikadhani kazi yangu imekwisha. Nikawa nalifuta greda vumbi. Mzee Mbarak akaja akanishika mkono.

"Bado. Sasa utakwenda kusimama."

"Kusimama wapi?"

"Kwenye kipande chako."

Ndipo aliponieleza ada yao. Sur ni mji wa wajenzi wa vyombo, na tangu zamani fundi aliyeziba mianya ya chombo alikuwa lazima apande ndani yake siku kinaposhushwa majini mara ya kwanza. Kama hakuziba vizuri, naye alowe. Wasimamizi wa vibarua wakati wa vita walikuwa watu wa Sur, na ada ile wakaja nayo mchangani. Siku ndege ya kwanza ilipotua, kila kundi lilisimama pembeni ya kipande chake, hatua tatu tu kutoka njia ya magurudumu. Marubani wakaizoea, ikawa alama yao: pakiwa na mtu amesimama, pamepona, pakiwa patupu, usiguse. Khamis alisimama mahali hapo hapo.

"Na rubani wa sasa anajua?"

"Nimemfundisha mimi," akasema.

Basi nikaenda. Kwanza nikaona ni jambo dogo, kusimama tu. Halafu nikaisikia ndege. Ikapita juu yetu, ikazunguka, rubani akainamisha bawa atazame. Nilikuwa peke yangu kwenye ule weusi mpya, jua la utosini, nyayo zinaungua. Watu wote walikuwa mbali penye kibanda cha mabati, na Salma amekaa juu ya mkeka kivulini. Nikawaza magunia, umande, lile donge la mwisho nililolifinya. Nilikuwa nikijua kila shibiri ya kipande kile, na nilikuwa naogopa kila shibiri. Miguu ilitaka kwenda. Nikaibana vidole chini nikaiambia itulie.

Ikashuka. Magurudumu yakagusa njia ya zamani, ile ya wenzake Khamis, yakaja yakivuma na vumbi nyuma, yakaingia kwenye kipande changu. Nikaisikia kwa nyayo. Ardhi haikunyamaza. Ilizungumza kwa ugumu, dum, mfululizo, mpaka ndege ikanipita, bawa lake juu ya kichwa changu, upepo wake ukanivua kilemba, ikaenda ikasimama pale inapotakiwa kusimama. Nikachutama nikatazama. Mistari miwili, haikufika kina cha ukucha.

Daktari akashuka, wakamleta Salma kwa machela. Walipofika usawa wangu akawaambia wasimame. Akanitazama, kilemba sina, uso mweusi kwa oili, akamuuliza baba yake kwa kunitania, "Ndiye huyu aliyekwangua?"

Mzee Mbarak akajibu, "Ndiye huyu aliyesimama."

Nimepewa vyeti katika maisha yangu ya kazi, na saa moja ya mkono siku ya kustaafu. Vyote vimo ndani ya kabati. Maneno yale sijayaweka popote, natembea nayo. Salma alijifungua salama kwa kupasuliwa, mvulana na msichana. Tangu siku ile kila ndege ilipotua nilipokuwapo, nilisimama. Na Mzee wa Mjini hakuniita tena Bwana wa Bara, isipokuwa mbele ya wageni.

Katika miaka ya themanini tukaleta lami. Nasema tukaleta, kwa sababu sehemu ya barabara ile ya kwenda Jalan mnayopita kwa saa moja na muziki juu nilisawazisha mimi, pekupeku. Barabara ilipofika, ndege haikuwa na haja tena, na hilo ni jambo jema, wala sikulisikitikia. Mzee Mbarak alikuwa ameshafariki, Mungu amrehemu. Uwanja ukaachwa mara ya pili.

Mhandisi mmoja kijana, mgeni, alitaka vifusi vya kujazia kingo za barabara. Akaniambia, "Kuna ngozi ngumu nyeusi kule katika uwanja mbovu. Nenda kaikwangue." Nikamwambia sitaikwangua. Akauliza kwa nini. Nikamwambia nilishaikwangua mara moja. Akafikiri nimeshikwa na jua. Nikamchukua kwa gari mpaka pale, nikamwambia avue viatu, azunguke mara tatu juu ya kisigino kwenye kipande changu. Alikuwa mtu mnene. Akazunguka, akatazama chini, akazunguka tena kwa nguvu zaidi. Tukarudi tukachukua kokoto bondeni.

Kwa hivyo, wajukuu zangu, safari ijayo msipite juu yake kwa gari mkasema imekufa. Teremkeni. Anzieni penye kibanda cha mawe cha mwisho, mahali weusi unapobadilika kidogo, mhesabu hatua sitini kuelekea mashariki: ndizo zangu. Vueni viatu, inueni vidole, mzunguke mara tatu. Kisigino kikiacha shimo, nipigieni simu, nitakuja na magoti yangu haya haya na pipa la oili. Kisipoacha kitu, simameni hapo kidogo, hatua tatu kutoka njia ya magurudumu, kwa niaba yangu na Mzee Mbarak na Khamis.